Gurami wa Rangi ya Asali Ndiye Afaaye Isiolo

Msomaji mpenzi, juma hili tuwaache kuku na paka wapumzike. Nataka tuketi mbele ya tangi la kioo lililoko sebuleni kwa dada yangu, hapa Isiolo, nikueleze jinsi samaki wawili walivyonunuliwa kwa sababu ya uzuri wao, na jinsi uzuri huo usivyowafaa kitu.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliweka akiba muda mrefu hadi akapata tangi. Akatia changarawe, akapanda mimea, ikashika vizuri. Kisha akaenda Nairobi na kurudi na gurami wawili wa aina ambayo wataalamu huiita Trichogaster lalius. Wote walikuwa madume, wenye rangi ya samawati iliyokatwa kwa mistari myekundu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na hao walijiuza kweli.

Siku ya tatu mmoja alianza kumfukuza mwenzake kutoka pembe hadi pembe. Juma la pili yule mnyonge alikutwa amekufa nyuma ya jiwe. Hata mwezi haukwisha, mshindi naye akafifia rangi, tumbo likavimba, akakataa chakula, akafa. Nyanya yake, ambaye katika ujana wake aliteka maji mtoni na kuyabebesha punda, alisema neno moja tu: "Mjukuu wangu, maji yote haya ni ya kuzikia samaki?"

Binti alilia. Akaniuliza kama auze tangi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Tangi halina kosa. Tulichagua kwa macho badala ya kuchagua kwa maji."

Gurami ni samaki wa Asia. Pamoja na mashavu ya kupumulia ndani ya maji, ana kiungo cha pekee kichwani, chenye mikunjo mingi, kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Jambo hili si geni kwetu. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu, na mumi naye ana kiungo chake cha kuvutia hewa. Ndiyo maana mumi hukaa hai kwa muda mrefu ndani ya kikapu sokoni.

Kwa mkaaji wa Isiolo hiyo ni faida kubwa. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, na usiku mimea yenyewe huitumia ile iliyopo. Umeme ukipotea na pampu ikanyamaza, samaki wengi huanza kutweta. Gurami hupanda juu, akanywa hewa, akarudi kwenye majani yake. Kwa hiyo usijaze maji mpaka ukingoni, wala usiache mimea ielee na kufunika uso wote. Mwachie dirisha lake la kupumulia.

Hata hivyo, si kila gurami anayefaa. Mwenye madoa, Trichopodus trichopterus, huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua hadi sentimita 15 na kuwa mbabe wa tangi. Gurami mkubwa, Osphronemus goramy, ni wa kufugwa bwawani, kwani huweza kupita nusu mita. Yule wa rangi ya chokoleti ni mdogo na mpole, lakini anataka maji laini mno, ambayo kisima cha hapa hakiwezi kumpa. Yuko pia Trichopsis pumila, asiyezidi sentimita 4, anayemetameta na kutoa sauti ya kukwaruza kwa mapezi yake. Anapendeza, ila ni mwoga na hapatikani kwa urahisi.

Je, wale wa mpwa wangu? Lalius si samaki mbaya. Taabu ni mbili. Madume wawili katika tangi dogo hawapatani. Pili, miongoni mwa hao wanaozalishwa kwa wingi Asia ya Kusini-Mashariki wamegunduliwa virusi ambavyo havina dawa. Dalili zake ni zile zile: rangi kufifia, tumbo kuvimba, samaki kukosa nguvu. Siwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyomuua mshindi wetu, lakini ningekuwa mnunuzi ningeogopa.

Anabaki mmoja, Trichogaster chuna, gurami wa rangi ya asali. Asili yake ni mito na madimbwi ya India na Bangladesh, na mtaalamu Francis Hamilton alimwandika katika kitabu chake cha samaki wa mto Ganges mwaka wa 1822. Hazidi sentimita 5 hivi, ni mpole, na huvumilia maji ya nyuzi 22 hadi 28. Tena si mteuzi wa maji kama yule wa chokoleti.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe, maji yako ni magumu, yana madini mengi. Hapa ndipo wengi hukosea. Jua la Isiolo hukausha maji ya tangi, nawe unajaziliza kwa maji yale yale ya kisima. Kumbuka kwamba kinachopanda hewani ni maji matupu, madini hubaki. Ukijaziliza hivyo miezi mitatu, unakuwa umepika mchuzi wa chumvi bila kujua. Dawa yake ni kujaziliza kwa maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Na kila juma punguza sehemu moja ya tano ya maji ya tangi na kutia mapya. Yakiwa ya mfereji yenye klorini, yaache kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi.

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 huchukua lita 54. Maji hayo peke yake ni kilo 54, kwa hiyo tafuta meza imara, mbali na dirisha lenye jua. Mchana ukiwa mkali, funika pande za tangi kwa kitambaa chenye unyevu na inua kifuniko kidogo. Julai usiku, baridi ikishuka, lizungushie blanketi. Mimea inayovumilia maji magumu ni valisneria yenye majani kama utepe, na Anubias wa Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye hufungwa kwenye gogo wala hazikwi changarawe. Acha tangi na mimea yake wiki nne hadi sita kabla ya kuleta samaki, ukitia chembe chache za chakula, ili vijidudu vya kuvunja uchafu vipate kuzaliana.

Ukifika dukani, usinunue mara moja. Simama dakika kumi. Tazama mapezi yako wazi au yamebana? Tumbo limevimba au limebonyea? Kuna maiti pembeni? Mwombe muuzaji awape chakula mbele yako. Muulize pia wamefika lini. Waliofika jana waache mpaka juma lijalo. Tena usimdharau wa asali kwa kuwa amepauka. Dukani huwa na rangi kama ya chai ya maziwa kwa hofu. Nyumbani, kati ya majani, dume huiva rangi ya chungwa na koo lake likawa jeusi. Jike hubaki na mstari wa kahawia ubavuni. Chagua dume mmoja na majike wawili, na ukiambiwa huyu ni wa asali ilhali ana sentimita 8, jua si yeye.

Safarini, mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, maana hawa hupumua hewa hiyo. Basi la Isiolo hupita kwenye baridi ya Timau kabla ya kuteremka joto letu, kwa hiyo ufunge mfuko ndani ya shuka. Ukifika, uelekeze juu ya maji ya tangi dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima. Maji ya Nairobi yatokayo milima ya Aberdare ni laini. Usimtupe samaki katika maji magumu kwa ghafla.

Onyo moja zaidi. Ukichoka na samaki au mimea, usiyatupe katika mto Ewaso Nyiro. Gugumaji lililotuzibia Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 lilitoka Marekani Kusini, na watu walilipanda kama pambo kwa ajili ya maua yake. Mimea ikizidi, ianike juani mpaka ikauke.

Narudi kwa nyanya, maana swali lake lilikuwa la haki. Katika mji ambako maji hununuliwa kwa mtungi, mwenye tangi hana budi kujieleza. Tulikaa na mpwa wangu tukapiga hesabu. Sehemu moja ya tano ya lita 54 ni lita 11 hivi kwa juma, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mtungi wa lita 20. Na maji yatokayo tangini hayamwagwi. Kwa kuwa yana uchafu wa samaki, ni mbolea. Sasa huenda moja kwa moja kwenye sukuma wiki ya nyanya nyuma ya jikoni, ambayo ingemwagiliwa vilevile.

Binti alinunua samaki watatu wa asali. Wiki mbili za kwanza walijificha, naye akahuzunika tena. Wiki ya tatu dume aliiva. Asubuhi moja tukamkuta chini ya jani akipuliza mapovu madogo madogo na kuyapanga pamoja, kwani hicho ndicho kiota chake cha mayai. Nyanya alivuta kigoda, akatazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na wao hula nini?"

Tukamwambia hula chakula cha unga, na zaidi ya vyote hupenda viluwiluwi vya mbu. "Basi," akasema, "hao wanalipa kodi ya maji yao."

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.