Presha Imeshuka, Vidonge Vipo Wapi?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee aliyevifungia vidonge vyake kabatini kwa kuwa kichwa hakimuumi tena. Muulize leo hii.

Shinikizo la damu kwa kawaida halina maumivu. Kipimo kikizidi 140 kwa 90 kila mara, mishipa ya ubongo, moyo na figo huumia kimyakimya, na dalili ya kwanza yaweza kuwa kiharusi. Dawa hulizuia tu, ukiiacha, hurejea.

Wengi huacha kwa kuchoshwa na madhara. Haidroklorothiazaidi hutoa chumvi na maji mwilini, basi na imezwe asubuhi, usije ukakesha ukienda msalani. Amlodipini hulegeza mishipa, na pengine huvimbisha miguu. Kaptoprili, iliyotokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili (naam, nyoka!) na kuidhinishwa Marekani mwaka 1981, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, nao hununua dawa za kifua bure. Mjamzito asiitumie.

Baba yangu mdogo alimgawia jirani propranololi yake, ati ugonjwa ni mmoja. Jirani alikuwa na pumu, na dawa hiyo huibana mifereji ya pumzi. Usiku ule tulimkimbiza hospitali akihema, aliponea chupuchupu. Naye mwenye kuitumia asiikatize ghafla, kwani moyo waweza kutaharuki.

Kwa shida nyingi kati ya hizi ipo dawa nyingine. Mwendee daktari, na pakiti ya vidonge uichukue mkononi.