KURA SI KIINUA MGONGO CHA KAMANDA

Wewe kijana wa kijiweni, hebu tuulizane. Akija mzee aliyewahi kuwa mkuu wa polisi, safari hii kavaa suti badala ya magwanda, akakuambia, "Nipeni tena udiwani, mimi ndiye ninayeijua kazi ya usalama," utamjibu nini?

Wengi wenu mtampa. Wapo watakaompa kwa woga, maana virungu havisahauliki haraka. Wapo watakaompa kwa heshima ya cheo kilichopita. Na wapo wanaodhani kwamba mtu aliyezoea kuamrisha askari ataamrisha na bomba litoe maji. HUO NI UONGO MTUPU, na waliokwisha kuuonja wapo.

Tuuchukue mfano mbali kidogo, mahali ambapo nyinyi wenyewe mnapajua kwa filamu na rapu: kusini mwa jiji la Los Angeles, Marekani. Palepale palipowaka moto Aprili 1992, baada ya askari waliompiga Rodney King kuachiwa na mahakama, wakafa watu zaidi ya 50. Palikuwa pakiitwa South Central. Mwaka 2003 Baraza la Jiji likalifuta jina hilo na kupaita South Los Angeles, kana kwamba njaa hukimbia ikibadilishiwa jina!

Mwaka huohuo wa 2003, wakazi wa Kata ya 8 ya huko walimchagua diwani mpya. Jina lake Bernard Parks, mtu mweusi, askari tangu 1965, Mkuu wa Polisi wa jiji zima tangu 1997 hadi 2002. Alishinda kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Unajua kwa nini alipata kura zote hizo?

Hapo ndipo penye somo, sikiliza vizuri. Mwaka 2001 Meya James Hahn alishinda kwa nguvu kubwa ya kura za weusi. Mwaka uliofuata akamgeuka Parks, akasema hamtaki kwa kipindi cha pili. Tume ya Polisi, ambayo wajumbe wake watano huteuliwa na meya, ikapiga kura: wanne wakakataa, mmoja akamtetea. Mzee akafungasha virago. Watu wa kusini wakakasirika, na haki ya kukasirika walikuwa nayo, kwa sababu kura zao zilikuwa zimetumika kama ngazi na aliyepanda akaipiga teke. Lakini hasira yao wakaimalizia wapi? Wakampa mkuu wa polisi aliyeachishwa kiti cha udiwani, kama vile wanampa pole msibani!

Walikuwa wanampoza moyo. Basi tuulize, hao waliokuwa wakipoza moyo walikuwa wamesahau nini?

Walisahau kashfa ya kituo cha Rampart. Mwaka 1998 askari mmoja, Rafael Pérez, alikamatwa kwa kuiba kokeini iliyokuwa imehifadhiwa na polisi wenyewe kama kielelezo. Mwaka 1999 akapasua jipu: askari wa kikosi cha kupambana na magenge, CRASH, walikuwa wakiwapiga watu, wakiwabambikia silaha na dawa za kulevya, kisha wakiapa uongo mahakamani. Kijana mmoja wa miaka 19 alipigwa risasi akapooza, akawekewa bunduki isiyo yake, akahukumiwa kifungo cha miaka 23! Tukio lenyewe lilikuwa la 1996, kabla Parks hajawa Mkuu, tusimsingizie. Lakini zaidi ya hukumu 100 zilifutwa, jiji likalipa fidia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2001 polisi wa Los Angeles wakawekwa chini ya uangalizi wa mahakama ya serikali kuu. Sahihi za mkataba huo zilitiwa huku Parks akiupinga.

Sifa yake apewe: aliwaadhibu askari wengi, na kikosi cha CRASH alikivunja yeye mwaka 2000. Chama cha askari kilimchukia kwa ukali huo. Alichokataa ni mtu wa nje kuja kuchungulia ndani ya nyumba yake. Mwizi akamatwe, ndiyo, lakini anikamatie mimi na nihukumu mimi! Ndugu zangu, hiyo ndiyo akili ya kamanda, na haivuliwi pamoja na magwanda.

Liko na jingine dogo ambalo mimi naliona kubwa. Jiji lilikuwa na askari zaidi ya 160 waliopangiwa mitaa maalumu, wanaojulikana na wakazi kwa majina. Parks akawaondoa kwenye kazi hiyo na kuwarudisha kwenye doria za kawaida. Wakazi wakalalamika wee. Miaka michache baadaye mtu huyohuyo anagonga milango ya wakazi akiomba kura!

Haya, akaingia barazani. Je, alitulia kwenye kata? Mwaka 2005 akagombea umeya, akatoka wa nne. Akarudi kwenye kiti. Mwaka 2007 akapewa udiwani tena. Mwaka 2008 akagombea kiti kikubwa zaidi, cha usimamizi wa kaunti, akashindwa na Mark Ridley-Thomas. Akarudi kwenye kiti. Kata imekuwa benchi la stendi, abiria anakalia akisubiri basi lake!

Na pale barazani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bajeti. Mwaka 2010 maktaba za jiji zilikuwa zikifungwa Jumapili na Jumatatu, wafanyakazi wa jiji wanapunguzwa, na jibu lilikuwa moja: hakuna fedha. Kweli fedha hazikuwepo, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka tangu 2008. Lakini zile fedha za fidia ya Rampart zilitoka mfuko gani? Ni mfuko huohuo wa jiji! Risasi ya askari humrudia mlipa kodi kama bili. Wakati huo diwani mwenyewe alikuwa na pensheni ya polisi mkono huu na mshahara wa diwani mkono ule.

Machi 2011 akaomba kipindi cha tatu. Awali sheria iliruhusu viwili tu, ikarekebishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2006. Safari hii vyama vya wafanyakazi, kikiwemo cha askari aliokuwa akiwaamrisha, vilimwaga zaidi ya dola milioni moja kumwangusha. Akapona kwa kuvuka kidogo asilimia 50. Kutoka zaidi ya robo tatu hadi nusu na ushee! Na jiji zima, kati ya waliojiandikisha, hata mmoja kati ya watano hakwenda kupiga kura. Vijana walikuwa wapi? Vijiweni, wakisema kura haibadilishi kitu.

Sasa rudi mtaani kwako. Hapa Tanzania diwani hana amri hata kwa koplo. Polisi wako chini ya IGP, na IGP huteuliwa na Rais. Kamanda mstaafu anayekuahidi kwamba akirudi barazani ataleta usalama anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Halmashauri ina mgambo, haohao wanaokukimbiza na meza yako ya mitumba. Muulize basi: miaka mitano uliyokaa barazani, ulisema nini mgambo walipovunja vibanda? Kikao gani? Kumbukumbu ziko wapi? Ushuru wa soko umeingia kiasi gani na mtaro wa soko mbona bado unanuka? Akianza kukusimulia majambazi aliowakamata enzi zake, mkate kauli kwa adabu: "Mzee, shikamoo, lakini hilo ulilipwa mshahara, na kiinua mgongo ukachukua. Tunauliza la udiwani."

Usiogope. Hana tena karandinga la kukubebea.

Parks aliondoka barazani mwaka 2015, akiwa na miaka 71. Wapiga kura hawakumtoa. Ulimtoa ukomo wa vipindi vitatu. Sheria ya Tanzania haina ukomo wa namna hiyo kwa diwani. Ukimpa safari hii, baada ya miaka mitano atakuja tena na picha ileile ya magwanda.