Ndege Asiye na Jina Mtaani Kware

Jina la mtaa wa Kware, Mashariki mwa Nairobi, linatokana na machimbo ya mawe. Ni Kiingereza kilichovishwa sauti za Kiswahili. Ila kamusini, kware ni ndege. Sadfa hiyo ilinijia Julai iliyopita, katika kibustani kilichosazwa na magorofa, nilipomwona ndege mdogo wa kijivu, mwenye utosi mweusi, akiimba. Wenzake hutujia kutoka Ulaya na Asia mnamo Oktoba na kurejea kufikia Aprili. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, wasafiri wa namna hiyo wamekuwa wakivishwa pete miguuni tangu 1969. Julai si msimu wao hata kidogo.

Lakini lililonitahayarisha ni jingine. Mama muuza mboga aliniuliza, "Wewe msomi wa Kiswahili, huyo anaitwaje?" La Kilatini nilikuwa nalo, Sylvia atricapilla, na la Kiingereza pia. La Kiswahili sikuwa nalo.

Mbayuwayu naye ni msafiri, na jina analo. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu tarakilishi na kompyuta, ilhali viumbe vya uani tumeviita "aina ya ndege" tukatosheka. Kanuni za istilahi hututaka tutafute kwanza katika lahaja zetu, kisha katika lugha za Kibantu. Basi kila mwanachama aendapo likizo na awaulize wazee, kalamu mkononi. Nitaanzia kwa yule mama: alisema mamake, aliyeko Ukambani, angemtambua.