Mbuzi Asizae Peke Yake: Wito kwa Wafugaji wa Dodoma na Singida



Vifo vya vitoto vya mbuzi tumevizoea kupita kiasi. Katika kaya nyingi za kanda yetu ya kati mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye dawa ya mgonjwa, ndiye mahari. Hata hivyo kitoto kikifa siku ya pili baada ya kuzaliwa tunasema ni bahati mbaya, tunakitupa, tunaendelea na shughuli zetu. Mimi nasema vingi kati ya vifo hivyo vinazuilika, ila havizuiliki kwa kila mtu kuhangaika kivyake zizini kwake.

Tazameni tunavyofuga. Mbuzi wa kaya kadhaa huchungwa pamoja, mara nyingi na watoto, na beberu wa yeyote hupanda mbuzi wa yeyote, mwezi wowote. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Aliyepandwa Aprili atazaa Septemba, wakati malisho yamekauka na kiwele hakina kitu. Aliyepandwa Agosti atazaa Januari, majani yakiwa yameota na maziwa yapo. Wamaasai humfunga beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande kabla ya wakati wake. Njia hiyo ni rahisi na iko ndani ya uwezo wetu. Lakini mimi nikimfunga wangu, na jirani akamwachia wake, kazi yangu ni bure. Kwa hiyo jambo la kwanza tukubaliane kwa pamoja: mabeberu wote wafungwe, na wafunguliwe kwa msimu mmoja.

La pili, mbuzi mwenye mimba pevu asipelekwe malisho ya mbali. Dalili zake tunazijua: kiwele kimejaa, kano za pande mbili za shina la mkia zimelegea, anajitenga, analala na kuinuka. Huyo abaki karibu na nyumba, mahali pakavu penye kivuli, akatiwe majani na awekewe maji. Mbuzi akizalia porini mchana, mchungaji mdogo hubaki njia panda: akikaa na mzazi, kundi linapotea, akilifuata kundi, kitoto kinabaki na fisi. Tusimtwishe mtoto wa shule uamuzi huo.

La tatu, kila kitongoji kichague watu wawili wa kuitwa mbuzi anapozaa, wafundishwe na afisa mifugo wa kata, na tuwachangie vifaa: glavu, sabuni, nyembe mpya, uzi safi na tincha ya ayodini. Kuzaa kwa kawaida hakuhitaji mkono wa mtu. Miguu miwili ya mbele hutangulia, pua ikiwa imelala juu yake. Mbuzi akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kitoto kuonekana, au ukaonekana mguu mmoja tu, au mkia, hapo aitwe anayejua. Kuvuta kwa pupa huchana kizazi. Kondo la nyuma nalo lisivutwe. Likipita saa 12 halijatoka, aitwe mtaalamu wa mifugo.

Kitoto kikitoka, futa ute puani na mdomoni, mwache mama akirambe, kisha chovya kitovu kwenye ayodini. Halafu hakikisha kimenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Hapa ndipo tunapopoteza wengi. Kinga ya mama haipiti kwenye damu kumfikia mtoto akiwa tumboni. Anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za mwanzo tu. Ikipita siku moja, mlango umefungwa. Wapo wanaoikamua na kuimwaga wakidhani ni maziwa mabovu. Wanamwaga uhai wa kitoto.

Ingiza kidole safi mdomoni mwa kitoto. Mdomo ukiwa wa baridi, usikinyweshe kitu kwanza: kikaushe, kifunge kwa kitambaa kikavu, kipashe joto hadi kiweze kunyonya. Kama mama amekufa au hana maziwa, jirani ambaye mbuzi wake mzima amezaa siku hiyo atoe dang'a kidogo. Kesho itakuwa zamu yako kumpa yeye. Tukilifanya hili kuwa desturi ya kitongoji, hakuna kitoto kitakachokosa.

La nne linahusu uhai wetu wenyewe. Mbuzi akitupa mimba, mtu asiguse kichanga wala kondo kwa mikono mitupu, na mbwa wasipewe. Vifukiwe kwenye shimo refu, na afisa mifugo apewe taarifa siku hiyohiyo. Chanzo kinaweza kuwa ugonjwa wa brusela, ambao huambukiza binadamu. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo dalili yake moja ni mbuzi wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, iliingia mkoani Dodoma mwaka 2007 ikaua watu na mifugo. Anayeficha mimba zilizotupwa zizini kwake anaweka kijiji kizima hatarini.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri mradi au mfadhili. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Nawaomba, katika mkutano ujao, simameni mtake mambo haya manne yaingizwe kwenye ajenda. Akina mama, ambao ndio mnaohudumia vitoto hivi usiku na mchana, msikae nyuma ya mkutano; ninyi ndio wenye ujuzi. Wenyeviti wa vitongoji, andikeni majina ya watakaofundishwa. Maafisa mifugo, njooni mfundishe zizini, mbuzi akiwepo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukubaliane sasa, kabla mabeberu hawajafunguliwa.