Miale Isiyokuwa Miale: Hoja Kuhusu Istilahi za Jua na Chembe za Galaksi

Istilahi ya kisayansi haidhuru kwa kuwa ngeni, hudhuru inapopotosha. Mfano mmojawapo katika fizikia ya anga ni usemi "miale ya kosmiki", ambao pengine huandikwa "mionzi ya kosmiki". Makala haya yanashikilia kwamba usemi huo haufai kuendelea kufundishiwa, na kwamba sababu yenyewe si ya mtindo bali ni ya kifizikia: anayeushika hataelewa namna jua linavyokiathiri kitu kinachotajwa.

Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess, mwanafizikia wa Austria, alipaa kwa puto hadi kimo cha takriban mita 5,300, akakuta kwamba huko juu hewa ina chaji nyingi zaidi za umeme kuliko karibu na ardhi. Alihitimisha kwamba kisababishi chatoka nje ya dunia. Jina la "miale" lilitolewa na Robert Millikan wa Marekani mwaka 1925, naye aliamini kuwa ni miale ya gama, yaani jamaa ya nuru. Imani hiyo haikudumu. Jacob Clay, katika safari za meli baina ya Java na Uholanzi, na baadaye Arthur Compton mwaka 1932, walikuta kwamba "miale" hiyo ni haba zaidi karibu na ikweta. Nuru haipindwi na sumaku ya dunia. Kwa hiyo zilikuwa chembe zenye chaji. Leo yajulikana kwamba takriban asilimia 90 ni protoni, na nyingi katika zilizobaki ni viini vya heli. Kiingereza kiliendelea na jina lake kwa mazoea. Kiswahili, ambacho hakikuwa na mazoea hayo, kililirithi kosa bila ya kulazimika.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu. Hata "atomu" kwa asili yake ya Kigiriki ni kitu kisichogawanyika, na hakuna anayepotea kwa ajili hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini yasahau tofauti moja. "Atomu" ni neno la mkopo, na msomaji wa Kiswahili haoni Kigiriki ndani yake. "Miale" ni neno hai, analolijua kila mtoto aliyeona jua likipenya dirishani. Mwanafunzi akiambiwa kwamba miale kutoka kwenye galaksi hupungua jua linapochachamaa, atafikiri nini? Aghalabu atakariri, afaulu mtihani, asielewe.

Akiambiwa kwamba ni chembe zenye chaji, maelezo hufuata bila taabu. Jua hutoa upepo, ambao Eugene Parker aliueleza mwaka 1958, uvumao kwa kasi ya takriban kilometa 400 kwa sekunde huku ukikokota uga wa sumaku. Chembe itokayo nje haina budi kushindana na upepo huo na kutangatanga katika mikunjo ya uga wake. Madoa ya jua yanapokithiri, mikunjo huongezeka na chembe zinazofika duniani hupungua. Scott Forbush aliuthibitisha uhusiano huo wa kinyume mwaka 1954. Vipimo vya nyutroni vilivyo karibu na ncha za dunia huonyesha tofauti ya takriban asilimia 20 katika mzunguko wa miaka 11. Tena uga wa jua hugeuka kila mzunguko, na njia za kuingilia hugeuka nao: mara protoni huingia zaidi kwa upande wa ncha za jua, mara kwa upande wa ikweta yake.

Kwa mabadiliko haya lugha ya mwambao ina maneno tayari: kujaa na kupwa. Upungufu wa ghafla unaofuata dhoruba ya jua, ambao hutokea kwa saa chache na kupona kwa siku kadhaa, ungeitwa "kupwa kwa Forbush". Nalo eneo lote linalotawaliwa na upepo wa jua laweza kuitwa "himaya ya jua". Neno "tufe" lasema umbo, na umbo lenyewe lingali linabishaniwa. "Himaya" lasema kazi. Chembe zenye nishati kubwa mno hupenya hata hivyo, lakini wasomaji wa historia ya Zanzibar baada ya 1890 hawahitaji kuambiwa kwamba himaya haizuii kila kitu. Chombo cha Voyager 1 kilivuka mpaka wake tarehe 25 Agosti 2012, na Voyager 2 tarehe 5 Novemba 2018. Mara zote mbili chembe za galaksi ziliongezeka na zile za ndani zikatoweka.

Wala jambo hili si la wanafizikia peke yao. Kaboni-14, ambayo wanaakiolojia huitumia kukadiria umri wa mkaa uliochimbuliwa Kilwa au Shanga, hutokana na chembe hizi zinapoigonga hewa. Jua lilipotulia kati ya 1645 na 1715 hivi, kaboni hiyo iliongezeka, na ndiyo maana tarehe za maabara hazina budi kusahihishwa kwa pete za miti. Mwanafunzi wa historia ya mwambao anayeuliza kwa nini tarehe moja ya maabara humpa karne mbili za kuchagua anastahili kujibiwa kwa Kiswahili, na jibu hilo haliwezi kuanzia kwenye miale.