Taifa Halipimwi kwa Ratili

Wako watu, hata miongoni mwetu wenyewe, wanaosema ya kuwa nchi ndogo haina haki ya kukaa baraza moja na nchi kubwa. Huuliza: watu wake ni wangapi? Ina mali gani? Nani aliisikia jana? Maneno haya si mageni masikioni mwetu. Ndiyo waliyotumia wakoloni kutuambia tungoje kwanza, tukue kwanza, tufundishwe kwanza. Leo twapenda kuwajibu watu hao, nasi tutawajibu kwa habari za mpira.

Mwezi wa Mei mwaka 2017 vijana wa Vanuatu wasiozidi umri wa miaka 20 walikwenda Korea ya Kusini kucheza Kombe la Dunia la vijana. Vanuatu ni visiwa 80 hivi katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Watu wake wote mwaka ule hawakufika 300,000. Wilaya moja tu ya Dar es Salaam yawapita kwa hesabu. Timu ya nchi hiyo ilikuwa haijapata kucheza Kombe la Dunia la wachezaji 11, la wakubwa wala la wadogo.

Hawakuifikia safari hiyo kwa kubahatika. Mwezi wa Machi mwaka 2015 tufani iliyoitwa Pam iliwapiga kwa upepo uliopita mwendo wa kilometa 250 kwa saa, ikabomoa nyumba na kung'oa mashamba. Mwaka uliofuata, 2016, mashindano ya vijana ya bahari ile yakachezwa kwao Vanuatu. Wakafika fainali. New Zealand waliwafunga magoli 5 kwa 0, lakini nafasi zilikuwa mbili, nao wakaipata ya pili.

Huko Korea walitiwa kundi moja na Mexico, Venezuela na Ujerumani. Wengi walidhani watafungwa magoli yasiyohesabika, kisha warudi kwao kuvua samaki. Mechi ya kwanza na Mexico ilifika 2 kwa 2, na ilibidi Mexico wangoje dakika za nyongeza ndipo wapate goli la tatu. Venezuela waliwafunga 7 kwa 0, na Venezuela hao hao ndio waliofika fainali ya kombe lile. Mechi ya tatu Wajerumani, ambao wakubwa wao walilichukua Kombe la Dunia mwaka 2014, walishinda 3 kwa 2 tu.

Hatusemi ya kuwa kufungwa ni kushinda. Vijana wale walicheza mara tatu wakafungwa mara tatu, magoli 13 kwa 4. Lakini twauliza: kijana aliyetoka kisiwani, anayeitia Ujerumani magoli mawili, je, huyo ni wa kuonewa huruma? Siku chache baadaye Zambia, ndugu zetu wa hapa Afrika, waliwatoa Wajerumani hao hao kwa magoli 4 kwa 3. Basi ukubwa wa jina haufungi goli.

Ndugu wanachama, ili kujua uzito wa jambo hili yafaa kujua vijana wale ni watoto wa nani. Babu zao walitawaliwa na mabwana wawili kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1906 Mwingereza na Mfaransa walivishika visiwa vile pamoja, wakaviita New Hebrides. Palikuwa na polisi wa aina mbili, shule za aina mbili, hospitali za aina mbili na sheria za aina mbili. Jaji wa kwanza wa mahakama yao ya pamoja aliletwa kutoka Hispania. Mwingereza alikuwa na nchi yake, Mfaransa alikuwa na yake, lakini mwenye kisiwa hakuhesabiwa raia wa huku wala wa kule. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na tembo wakipatana, nyasi huliwa.

Mwaka 1971 wananchi waliunda chama chao cha taifa, kilichoitwa baadaye Vanua'aku Pati, yaani chama cha ardhi yetu. Kiongozi wake alikuwa padri, Walter Lini. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 chama hicho kilipata viti 26 katika 39. Papo hapo wakatokea wa kukata kisiwa cha Espiritu Santo kiwe nchi mbali, wakitiwa moyo na baadhi ya walowezi wa Kifaransa. Hila hiyo twaijua sana Afrika. Haikufaa kitu. Tarehe 30 Julai 1980 bendera mpya ilipandishwa, na askari wa jirani zao wa Papua New Guinea wakaja kusaidia kuuzima uasi. Katiba yao ikasema ardhi yote ni ya wenyeji na vizazi vyao. Lini akahubiri ujamaa wa Kimelanesia, uliosimama juu ya ardhi na desturi ya kusaidiana.

Jina Vanuatu maana yake ni nchi iliyosimama. Watu wake wana lugha zaidi ya 100, na Bislama ndiyo inayowaunganisha, kama Kiswahili kinavyotuunganisha sisi. Kijana wa kisiwa kimoja na kijana wa kisiwa kingine wakivaa jezi moja, kabila limekaa nje ya uwanja. Ndiyo maana twasema timu ya vijana si mchezo mtupu. Ni darasa la taifa.

Tena vijana wa huko hawakuishia kwenye mpira. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, waliosomea Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, walitaka mahakama kubwa ya dunia iulizwe juu ya wajibu wa mataifa katika kuharibika kwa hali ya hewa. Serikali yao ililichukua jambo hilo mpaka Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Julai mwaka 2025 mahakama ikatoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria. Wakubwa waliitwa mbele ya jaji na mdogo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana gazeti la chama si ngoma ya kusifu tu. Vijana wa Vanuatu hawakurudi kwenye kombe lile mwaka 2019, wala 2023, wala 2025. Mti ulizaa mara moja. Kocha wao wa mwaka 2017 alikuwa Mserbia, na kujifunza kwa mgeni si aibu. Lakini ujuzi wa mgeni usipoachwa kwa wenyeji, akiondoka huondoka nao. Taifa dogo halina akiba ya watu wa kupoteza. Likilala msimu mmoja, kizazi kizima kimepita.

Na sisi je? Watu wetu, kwa hesabu ya mwaka 2022, wapita milioni 60. Mwaka 2019 tulikaribisha mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17, tukafungwa mechi zote tatu nyumbani kwetu. Mwaka 2022 wasichana wetu wa umri huo huo walikwenda Kombe la Dunia huko India, wakawafunga Wafaransa na kufika robo fainali. Uwezo upo, basi. Lakini mara ngapi tumewapokea vijana kwa matarumbeta uwanja wa ndege, na mwezi haujaisha tumewasahau? Mara ngapi tumeona kiwanja cha watoto kikikatwa mafungu ya kujengea nyumba, na viongozi wa tawi wakanyamaza?

Twasema wazi kwa kila tawi la chama: kihesabuni kiwanja chenu, kilindeni, mtafuteni mwalimu wa watoto, na mtoto wa maskini asikose mpira kwa kukosa viatu. Jambo hili halihitaji mkopo kutoka ng'ambo. Samaki mkunje angali mbichi.

Watu wasiofika 300,000, waliotoka chini ya mabwana wawili na chini ya tufani, waliwatoa jasho Wajerumani. Atakayesema tena kuwa sisi ni wadogo, au kuwa mwingine ni mdogo mno, aanze kwanza kutueleza magoli mawili yale yaliingiaje.