Kompyuta ikipima umaskini, maskini waulizwe kwanza

Kuna vijana wenzangu wanaoamini kwamba ukimtoa karani ofisini na kuweka kompyuta, upendeleo umeisha. Hakuna kitu kidogo, hakuna "wewe ni mtoto wa nani". Natamani ingekuwa hivyo.

Hebu tazama Amsterdam, Uholanzi. Jiji hilo liliunda programu ya Smart Check, ipitie maombi ya msaada wa pesa za kujikimu na kuonyesha nani achunguzwe zaidi. Na si ati walifanya kazi ovyo ovyo. Uraia na jinsia havikuingizwa kwenye hesabu, na wataalamu waliitwa kukagua. Bado ilipojaribiwa ikawashuku wahamiaji kupita kiasi. Wakairekebisha. Mwaka 2023 ilipopewa maombi halisi ikageuka, sasa ikawashuku zaidi wanawake na raia wa Uholanzi wenyewe! Jiji likaizima.

Kinachoniuma ni hiki: lipo baraza la wanaopokea msaada na watetezi wao, kazi yake kushauri jiji. Hao waliikataa programu mapema kabisa.

Sasa rudi hapa kwetu. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya SHA humkadiria mtu wa jua kali kwa maswali. Nyumba yako imejengwa kwa nini? Choo ni cha aina gani? Kisha mfumo unakutajia utakacholipa. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na unatakiwa kutoa za mwaka mzima kwa mpigo, yaani Sh3,600 ukiwa na bahati.

Lakini wewe unayeishi Kayole au Pipeline unajua vizuri: ukuta wa mawe ni utajiri wa mwenye ploti, si wa mpangaji. Unaweza kulala kwenye ghorofa yenye choo cha kuflashi na kodi ya mwezi jana hujalipa. Mama mboga angewaambia hivyo kwa dakika moja, bure, kama angeulizwa.

Sisemi turudi kwa karani na faili zake za kupotea, la. Lakini tuonyeshwe hadharani kila jibu lina uzito gani. Na ukisema "hapa mmenikosea", uso kwa uso na afisa wa SHA, awe na uwezo wa kubadilisha hiyo nambari siku hiyo hiyo, si kukwambia "system ndiyo imesema".